Bibi Aliyekuwa Kwenye Picha Yangu



Vijana wenzangu, leo nina jambo ambalo kwa Padre nilishaliungama, lakini nadhani na ninyi mnastahili kulisikia. Linahusu picha. Wengi wetu tunapenda kupiga picha, na huku kwetu Tukuyu mtu hawezi kulalamika kwamba hakuna cha kupiga. Milima ipo, maziwa ya volkano yapo, mashamba ya chai yapo, ukungu ndio usiseme. Soma hadi mwisho, halafu ujipime na wewe.

Jumatatu ya Pasaka tulitoka matembezi, vijana kumi na wanne, Noah mbili. Tulianza na Ziwa Ngozi, lile lililojificha ndani ya kreta kwenye milima ya Uporoto. Anayepajua anajua: unaacha lami, unatembea mpaka msituni, kisha unapanda huku umeshika mizizi. Aprili mvua zetu hazina mchezo, kwa hiyo tulikuwa tunateleza na kuchekana njia nzima. Tulipofika ukingoni hatukuona kitu. Ukungu mtupu. Tukakaa, tukasali Malkia wa Mbingu, tukala mihogo tuliyobeba.

Mara ukungu ukafunguka. Ziwa lote likawa chini yetu, kimya, limezungukwa na msitu. Simu kumi na tatu zikanyanyuliwa kwa pamoja. Ya kumi na nne ilikuwa imezima, chaji imeisha, na mwenye nayo akabaki amesimama tu, mikono mfukoni. Baada ya dakika chache ukungu ukafunga tena.

Wakati tunashuka, yule dada asiye na chaji akatuuliza, "Mmeona kivuli cha wingu kilivyokuwa kinavuka maji?" Hakuna aliyekiona. Tukafungua simu, na kweli, kwenye video kilikuwepo. Tulikuwa tumekirekodi bila kukiona. Tukacheka, nami nikacheka. Sikujua kwamba ndani ya saa mbili nitafanya kosa hilohilo, na safari hiyo halitakuwa la kuchekesha.

Wakati wa kurudi tulipitia Daraja la Mungu, ule mwamba wa lava uliolala juu ya mto Kiwira kama daraja, bila mtu yeyote kuujenga. Tukapiga picha mpaka tukatosheka. Wakati tunarudi kwenye magari nikamwona bibi mmoja anakuja kwa nyuma, amebeba mkungu wa ndizi kichwani juu ya ngata. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Nyuma yake mlima Rungwe, kilele kimefunikwa wingu. Barabara inang'aa. Nikaruka pembeni, nikachuchumaa, nikapiga mara tatu. Yeye akapita, akasema "Ndaga," nami nikajibu bila kuondoa macho kwenye simu.

Kusema kweli ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Jioni ileile nikairusha na maneno "Rungwe, uzuri usiochosha." Laiki zikapita mia nne. Nikalala nimefurahi.

Wiki tatu baadaye kijana mmoja wa Kiwira akaniambia, "Kaka, yule bibi uliyemrusha ni jirani yetu. Mjukuu wake wa Dar es Salaam aliiona, akapiga simu nyumbani kwa ukali. Anauliza kwa nini bibi anaachwa abebe ndizi kwenye mvua, tena pekupeku. Watoto wake wanagombana mpaka sasa."

Pekupeku? Nikafungua picha, nikaikuza. Ni kweli. Hana viatu, matope mpaka magotini, mdomo wazi, anahema. Nilikuwa nimeiangalia picha ile labda mara mia, na sikuwa nimemwona.

Nikaenda kwake. Sikutaka, lakini nilienda. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, karibu." Akaniwekea chai na ndizi za kuchemsha kabla hajauliza nimefuata nini. Ni Mmoravian, kama walivyo wengi wilaya hii tangu wamisionari wao walipofika Rungwe mwaka 1891. Nikajieleza, nikaomba radhi. Hakukasirika. Akaomba aione hiyo picha, maana alikuwa ameisikia tu. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaangalia muda mrefu.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbona nimechoka hivi."

Kisha akaniambia kwamba hana picha nyingine ya kueleweka, ukiacha ile ndogo ya kitambulisho. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeuliza bei ya sukari, "Sasa nikifa, ndiyo hii wataiweka juu ya jeneza?"

Jamani, sikuwa na jibu.

Nilipowasimulia wenzangu, walinitetea. Mmoja alisema barabara ni ya wote, ukipita barabarani unaonekana. Mwingine alisema picha ilikuwa ya kweli: mabibi zetu wanabeba mizigo, sasa tufiche? Wa tatu alisema kama ungeomba ruhusa, bibi angesimama wima kama askari na picha ingekufa. Hoja zote tatu zina uzito, na sitaki kuzipuuza. Kuna wapiga picha ambao wameonyesha vita na njaa, na dunia ikaamka kwa sababu yao. Siamini kwamba ni dhambi kupiga picha ya mtu aliyechoka.

Lakini mimi najua nilichokuwa nacho moyoni siku ile. Sikutaka kuamsha mtu yeyote. Nilitaka ule mkungu wa kijani mbele ya mlima wa bluu. Na kuna jambo moja ambalo wenzangu walilisahau na mimi sijaweza kulisahau: Noah zetu zilikuwa zinatusubiri hatua chache mbele, na zilikuwa zinaelekea Kiwira, kulekule alikokuwa anakwenda. Nafasi ilikuwepo. Mikono kumi na minne ya wavulana ilikuwepo. Kati yetu wote hakuna aliyesema, "Bibi, tukusaidie." Tulikuwa tumetoka kusali.

Mnakumbuka mfano wa Msamaria mwema katika Injili ya Luka. Ukiusoma polepole utaona kwamba kuhani alimwona yule majeruhi. Mlawi naye alimwona. Msamaria naye alimwona. Macho yao wote yalikuwa mazima. Tofauti ilianzia baada ya kuona: wawili walipita upande mwingine, mmoja akamsogelea. Nadhani yule Mlawi angekuwa na simu angempiga picha, na huenda angeandika maneno ya huruma chini yake.

Hapo ndipo nilipofika katika kutafakari kwangu. Kumwona mtu ni kuingia deni. Ukishamtazama, kuna kitu unadaiwa: salamu, msaada, jina lake, au angalau heshima ya kumwuliza. Picha ina hatari yake hapa, kwa sababu inakupa hisia kwamba deni limelipwa. Umemtazama, umempenda, umemsifia mbele ya watu mia nne. Unaondoka na moyo mwepesi, na mkungu umebaki kichwani kwake.

Tangu siku hiyo naziangalia tofauti hata picha zisizo na watu. Chukua mashamba yetu ya chai. Wageni wanasimama barabarani kupiga ile kijani iliyolala sawa kama meza. Ile meza haikujitengeneza. Imekuwa sawa kwa sababu kuna mikono inayochuma majani machanga kila baada ya siku kadhaa, mwaka hadi mwaka, na mchumaji analipwa kwa kilo. Ukisema "tazama uzuri wa asili", umefuta watu bila kujua. Ndiyo maana Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, hakutenganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Anayeupenda mlima kweli lazima ampende na anayeishi chini yake.

Je, tuache basi kupiga picha? Hapana. Nimepata rafiki mmoja katika jambo hili, naye ni Mtakatifu Pier Giorgio Frassati wa Turin, Italia. Alizaliwa mwaka 1901 katika familia yenye uwezo. Baba yake alikuwa na gazeti. Alipenda milima kupita kiasi, akapanda Alpi na marafiki zake, akapiga na kupigwa picha nyingi. Picha moja ya mwaka 1925 inamwonyesha amening'inia kwenye mwamba, anatazama juu. Aliiandika kwa mkono wake maneno mawili ya Kiitaliano, Verso l'alto, yaani kuelekea juu. Leo vijana duniani kote wanayavaa kwenye fulana.

Lakini wiki chache baada ya picha hiyo, tarehe 4 Julai 1925, alikufa kwa polio akiwa na miaka 24. Inaaminika aliupata ugonjwa huo kwa wagonjwa maskini aliokuwa akiwatembelea. Siku ya mazishi familia yake ilishangaa kuona umati wa maskini wa Turin wamejaa barabarani. Hawakujua kwamba kijana wao alikuwa akipanda ngazi za nyumba zao wiki kwa wiki.  Kanisa lilimtangaza Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, pamoja na Carlo Acutis.

Mtume Petro naye alipanda mlima. Bwana alipogeuka sura mbele yao, Petro alitaka kujenga vibanda vitatu ili ile nuru isiondoke. Namwelewa sana, ni sisi na simu zetu pale Ngozi. Yesu hakumkaripia kwa kupenda uzuri. Alimshusha tu mlimani, na chini walimkuta baba mwenye mtoto mgonjwa anayewasubiri. Kwa wengi wetu huyo anayesubiri chini amebeba mkungu.

Bibi aliniambia nije Jumapili baada ya ibada yao. Nikaenda. Alikuwa amevaa gauni la bluu, kilemba cheupe na viatu vyeusi, amekaa kwenye kiti nje ya nyumba. Kweli alikaa wima kama askari. Mwangaza ulikuwa mkali, nyuma kuna bati na ndoo. Kwa macho ya mpiga picha ni picha ya kawaida sana. Nikaisafisha pale Tukuyu mjini, nakala tano, moja kubwa kwenye fremu. Alipoipokea alicheka mpaka akafuta machozi.

"Ile nyingine ifute au usiifute, ni wewe," akasema. "Lakini watoto wangu wapate hii."

Niliifuta. Sijui kama huo ndio uamuzi pekee ulio sahihi, ila mimi nisingeweza kuendelea kupokea sifa kwa ajili yake.

Wiki hii nakuomba ufanye jambo moja. Fungua simu yako, tafuta picha ya mtu uliyempiga bila yeye kujua. Jiulize: unalijua jina lake? Kama ni mtu wa karibu, mpelekee nakala. Kama humfahamu, mwombee kabla hujalala.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyemtazama kila mtu na kumpenda, utufundishe kuona. Tunapopanda milima yako, utupe furaha ya kweli. Tunaposhuka, usituache tupite pembeni ya ndugu aliyelemewa na mzigo. Mikono yetu iwe tayari kushika mzigo kabla ya kushika simu. Unayeishi na kutawala milele na milele. Amina.