Siku ya Tatu Mpe Jembe

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, pale unaposimulia jinsi mama yako alivyowatangazia majirani kwamba mwanawe mwinjilisti amepangiwa Ulaya, nao wakaanza kukuagiza viatu na saa. Ilipobainika kwamba ni Ulaya ya Kilosa, ya kuteremkia Mikumi kisha kubanana na magunia na kuku, walikupa pole. Mara ya pili sikucheka. Unasema miezi minane sasa unasali kwa mdomo tu. Unahubiri habari za furaha na wewe mwenyewe huna furaha. Unaniuliza kama ni dhambi kuomba uhamisho.

Si dhambi. Ila kabla hujaiandika hiyo barua ya uhamisho, kaa nami kidogo.

Huko nakujua, nilitumika nikiwa kijana kama wewe. Najua masika yakishika watu wanahamia mashambani, watoto wanashinda wakiamia ndege kwenye mpunga, na Jumapili unahubiria bibi wawili na mbwa aliyejilaza mlangoni. Najua wafugaji na wakulima wakigombana juu ya shamba lililoliwa, kila upande unakutazama kuona utaegemea wapi. Najua pia posho inavyoweza kuchelewa mpaka ukaona haya kupita mbele ya duka unalodaiwa. Sitakuambia kwamba hayo ni madogo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huitamka methali hii kama kejeli ya kumfukuza mtu. Mimi nimezeeka nayo, nami naiona vingine. Mgeni hafukuzwi siku ya tatu, anapewa kazi. Kuchinjiwa kuku kumekwisha, sasa anahesabiwa miongoni mwa watu wa nyumbani. Wewe siku zako mbili zimepita: nyimbo za kukupokea, mkeka mpya, maji ya kuoga yaliyopashwa moto. Unalilia siku zile mbili, na unafikiri ni imani yako iliyokwisha.

Nikusimulie habari za mtu ambaye hata jina lake lina Ulaya ndani yake. Apolo Kivebulaya alikuwa Mganda, aliyezaliwa mnamo 1864. Watu walimpachika jina hilo, yaani kilichotoka Ulaya, kwa ajili ya koti la kizungu alilopenda kulivaa na kanzu yake. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata akajitolea kuvuka mto Semliki kwenda Mboga, upande ambao leo ni Kongo. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wamerudi, kwa sababu chifu Tabaro hakutaka walishwe. Husimuliwa kwamba Apolo alipoyasikia hayo, kabla ya kuondoka alikwenda sokoni na simbi zake akanunua jembe. Umeona? Yeye hakungoja siku ya tatu. Alifika na jembe lake begani.

Jembe lilimpa chakula, lakini halikumkinga na mateso. Alipigwa. Kisha dada yake chifu akafa kwa ajali, akiwa ameangukia mkuki, na lawama ikamwangukia Apolo. Alipelekwa Toro akafungwa mwaka 1898. Fikiri: Mkristo wa miaka mitatu tu, mpweke, mgonjwa wa roho, anashutumiwa kuua. Humo gerezani, kwa kusimulia kwake mwenyewe baadaye, alimwona Kristo aking'aa kama jua, akamtia moyo kwamba yu pamoja naye. Toka siku hiyo hofu ikamwachia.

Vijana wengi wanaishia hapo kwenye kuisimulia, kwa sababu wanaitamani ile nuru. Mimi nakuomba utazame alichofanya alipofunguliwa. Buganda ilikuwepo na ndugu zake walikuwepo, wala hakuna ambaye angemlaumu kwa kwenda kupumzika kwao. Akarudi Mboga, kwa Tabaro yuleyule na watu walewale waliompeleka kufungwa. Tabaro alikuja kubatizwa, akaitwa Paulo. Apolo akawa kasisi mwaka 1903, uzeeni akawaendea Wambuti katika msitu wa Ituri, akafa tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kule msituni, kinyume cha desturi ya kwao, ili hata akiwa maiti aonyeshe kwamba kazi haijaisha.

Kwa hiyo mwanangu, jambo moja ninalotaka ulishike ni hili: usiombe kituo kipya, omba moyo mpya kwenye kituo kilekile. Kituo kipya kitakupa tena siku mbili za ugeni. Siku ya tatu itakufuata na huko.

Utasema Apolo alitokewa, wewe hujatokewa na mtu. Basi msikilize mwingine, huyu ametoka Ulaya yenyewe. Joe Church alikuwa daktari kijana Mwingereza, mmisionari wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Njaa kuu ya miaka ya 1928 na 1929 ilimchosha mpaka akakauka. Mwaka 1929 alikwenda Kampala, na pale kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi. Wakakaa pamoja na Biblia, wakisoma na kuomba. Hapakuwa na jua lililong'aa. Palikuwa na mtu mmoja aliyekubali kusema mbele ya mwenzake kwamba amepungukiwa. Daktari akarudi Gahini ileile, na miaka michache baadaye kukazuka kule uamsho uliovuka mipaka mpaka kwetu. Sisi tuliokulia kanisani tunaukumbuka kwa nyimbo zake na kwa watu waliokuwa wakisimama kurudisha mbuzi waliyemwiba. Lakini ulianza na watumishi, si na wenye dhambi wa mtaani. Uliyetumwa kuwasha taa za wenzako, usione aibu kuomba kiberiti.

Na mimi je? Mimi niliondoka, mwanangu. Sikuwahi kukuambia. Mwaka wangu wa pili nilifunga sanduku, nikasema nakwenda kumwona mgonjwa, nikakaa nyumbani wiki tatu. Jembe langu, lenye mpini uliopasuka, nililiacha kwa jirani, mzee wa msikitini. Niliporudi kwa haya, nilimkuta anakaanga karanga. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliingia ndani akanitolea jembe lina mpini mpya, alioukata mwenyewe. Akasema mvua imekaribia. Nimesikia mahubiri mengi maishani, lakini lililonirudisha kazini ni lile jembe. Yule mzee alikuwa na hakika nitarudi, wakati mimi mwenyewe sikuwa nayo.

Sasa mambo machache ya kufanya, maana nasaha isiyo na kazi ni upepo.

Kwanza, pimwa. Eliya alipotaka kufa chini ya mti, Mungu alianza kwa kumpa usingizi na mkate, maneno yakaja baadaye. Si kila uzito wa moyo ni shetani, mwingine ni malaria. Nenda Mikumi, hospitali ya Mtakatifu Kizito, wakutazame damu. Wakikuambia unaumwa kweli na unahitaji kuondoka, ondoka kwa amani. Hilo si kukimbia.

Pili, lima. Omba robo heka, upande mahindi au ufuta. Ukipalilia pembeni ya shamba la mtu, atakuambia yale ambayo hatayasema kanisani hata umngojee miaka kumi. Watu wakiwa mashambani, wafuate huko. Kanisa ni wao, jengo litawangoja.

Tatu, tafuta mwenzako mmoja wa kumwambia ukweli kila wiki, hata kama ni dakika kumi za simu. Hiyo simu uitumie kwa hilo, kuliko kutazama picha za wenzako wa Dar es Salaam kwenye makongamano yenye vipaza sauti. Hujui nao wanalia wapi.

Nne, zika na watu. Msiba ukiwa wa Mkristo, wa Mwislamu au wa mfugaji aliyepiga kambi juzi, chukua jembe lako uende kaburini. Usiende kuhubiri pale, nenda kuchimba.

Tano, sali hata moyo ukiwa umekufa ganzi. Mkulima hangoji hamu ndipo apande. Anapanda kwa sababu ni msimu, na mbegu haimuulizi alijisikiaje siku ile.

Ukishavuna mara moja hapo Ulaya, na bado moyo unakutuma kuondoka, niandikie tena. Nitakusaidia kuiandika barua ya uhamisho kwa mkono wangu, wala sitakudharau. Kwa sasa iweke kando. Kesho alfajiri toka nje, muulize jirani anaanzia kulima upande gani, na uende na jembe lako.