Anayetaka Kusomea Vita Aanze na Wapagazi

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia unataka kubaki chuoni baada ya shahada ya kwanza, usome umahiri, kisha uzamivu, hadi uwe profesa wa historia ya vita. Nimesikia pia kwamba wapo ndugu waliouliza binti wa Kiluguru na vita wapi na wapi. Waache. Mimi mjomba wako naona umechagua vizuri, na kwa kuwa kwetu mjomba ndiye anayeulizwa mambo ya njia ndefu, nisikilize.

Wengi waliotangulia katika somo hili wameandika vita kwa macho ya makamanda. Ukiwafuata utapandishwa cheo kama wao, na watu wa milima hii watabaki walivyokuwa, bila hata ukurasa mmoja. Kwa hiyo anzia hapa kwetu.

Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa ameshaondoka, anarudi kusini akiizunguka milima ya Uluguru pande zote mbili. Septemba ikaja zamu ya Kisaki. Kikosi kimoja cha Smuts, cha Jenerali Brits, kilishambulia tarehe 7, kikarudishwa nyuma. Cha pili, cha Nussey, kikafika kesho yake, hakina habari ya yaliyompata mwenzake, nacho kikarudishwa. Vitabu vitakuambia kwamba mawasiliano yalishindikana, na mstari unaishia hapo. Wewe toka Mlali kwa miguu, panda Mgeta, kisha teremka hadi Kisaki. Likizo nyingine pita upande wa mashariki, Kiroka, Mkuyuni, Matombo, Mvuha. Ukishashika magoti yako kwenye miteremko ile, ndipo utakapojua kwa nini vikosi viwili vya jeshi moja vilipotezana.

Halafu piga hesabu ya posho. Mbung'o walikuwa wameua farasi na ng'ombe wa majeshi, mvua zikaharibu barabara, mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Mpagazi alibeba kilo 25 hivi, na chakula chake kilikaribia kilo moja kwa siku. Mtume na unga mahali pa mwendo wa siku kumi: kwenda na kurudi atakula kilo ishirini. Askari aliye mbele anapokea tano. Iweke hesabu hii ukutani chumbani kwako, maana ndani yake ndimo ulimo mwendo wote wa vita vile. Ndiyo sababu Waingereza walichukua wapagazi kwa mamia ya maelfu, na hesabu zao rasmi zenyewe zinakiri kwamba waliokufa walizidi 90,000. Risasi haikuwaua wengi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na unga ulioliwa haujaiva. Wajerumani nao waliwachukua watu wetu, tena bila kuweka hesabu kamili.

Sasa tazama pengo lilivyo. Historia rasmi ya Waingereza ya vita vile, iliyoandikwa na Charles Hordern, ilitoka mwaka 1941. Juzuu ya kwanza inaishia Septemba 1916, vita vikiwa bado hapa kwetu. Juzuu ya pili haikuchapishwa. Mwaka 1917, ambao wapagazi walikamatwa kwa wingi kuliko wakati wowote, haukuandikiwa kitabu rasmi. Mpwa wangu, hilo ni shamba ambalo halijalimwa.

Wapo waliokufungulia njia. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya maneno ya wazee waliovikumbuka vita vya Maji Maji. Gilbert Gwassa, aliyekuwa ameshaanza kazi hiyo pamoja na John Iliffe, alikamilisha tasnifu yake ya vita hivyo mwaka 1973. Ilikuja kuchapishwa kitabu mwaka 2005, tena Ujerumani, mjini Köln. Miaka 32! Nakuambia hili ili mwajiri akikuuliza machapisho yako yako wapi usikate tamaa, na ili usiiache kazi yako ilale kabatini kama uwezo wa kuitoa unao. Mwangalie pia Michelle Moyd, aliyekuwa ofisa wa Jeshi la Anga la Marekani kabla ya kuwa profesa. Kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu askari Waafrika wa Wajerumani kinawafuata hadi nyumbani, kwa wake zao na tamaa zao za kuwa wakubwa. Hakuwasafisha, wala hakuwafanya wanyama. Huo ndio uandishi ninaoutaka kwako.

Usidhani pia kwamba kazi hii inaishia darasani. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Ukiri huo ulipatikana kwa sababu watafiti walifungua mafaili na kuuliza. Ingia makaburi ya vita pale Morogoro mjini, usome mawe, kisha ujiulize yuko wapi aliyewabebea unga waliolala pale.

Juu ya ngazi za chuo sina mengi. Mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa: utazipanda kwa makala na kwa miaka. La haraka ni Kijerumani. Jifunze sasa, pamoja na mwandiko wa mkono wa zamani wa Wajerumani, la sivyo mafaili ya Nyaraka za Taifa utasomewa na watu wengine. Na kila makala utakayoitoa kwa Kiingereza, iandike upya kwa Kiswahili uilete Matombo, isomwe na wenyewe.

Waliobeba mizigo mwaka 1916 hatunao tena. Wa vita vya Kagera tunao, lakini wanazeeka. Wapo waliokwenda na JWTZ, wapo mgambo, wapo madereva ambao malori waliyoyaendesha yalichukuliwa kwenda vitani. Usingoje shahada ya pili. Likizo hii nenda na daftari na simu ya kurekodia, umwamkie mzee, umwache apumzike, kisha umuulize kwanza alikula nini njiani, nani alikipika, na kilifikaje. Mambo ya bunduki atayasema mwenyewe.