Tope Lilikuwa la Nani?

Mtaa wetu uko bondeni, upande yanakopita maji ya kwenda Msimbazi. Jina lake naliweka pembeni, kwa sababu wengi wa wahusika bado tunakutana misibani. Yaliyotupata hayakuletwa na mwizi. Laiti angekuwepo mwizi tungemkamata, hadithi ikaishia polisi. Mimi nilikuwa katibu wa kamati, na sehemu ya makosa haya ina mwandiko wangu.

Desemba 2011 mvua ilinyesha Dar es Salaam namna ambayo hata wazee walikosa mfano wake. Watu zaidi ya 40 walikufa, na waliopoteza makazi kule Jangwani na mabonde mengine wakapelekwa Mabwepande. Kwetu maji yalifika usawa wa dirisha. Yalipopungua yaliacha ukutani mstari mweusi, na chini yake harufu anayoijua kila mtu wa bondeni. Maana mvua ikishika, watu wa juu hutapisha vyoo: hutoboa shimo, mkondo ukabeba. Bwana afya analijua hilo, mjumbe analijua, na anayetapisha humwamkia jirani yake asubuhi kama kawaida.

Kwa hiyo mwaka 2013 halmashauri ilipokuja na habari ya kujenga mtaro wa zege na kukwangua barabara ya mtaa, hakukuwa na haja ya kutubembeleza. Mkutano ulifanyika chini ya mkungu, karibu na ofisi ya serikali ya mtaa. Masharti yalikuwa mepesi kuelewa. Halmashauri ilete injinia, saruji, nondo na mchanganyiko wa kokoto. Mtaa utoe nguvu kazi, na kila kaya ichangie mawe na mchanga kadiri ya uwezo wake. Watu walishangilia. Kisha akasimama mama mmoja muuza vitumbua, mpangaji wa chumba kimoja nyumba ya tatu kutoka msikitini.

“Tukishamaliza kujenga,” akauliza, “nani atauzibua?”

Injinia, kijana mwenye adabu, alimjibu vizuri. Mtaro wa aina hii, alisema, uzibuliwe kila miezi mitatu, na kabla ya masika uzibuliwe hata kama unaonekana msafi. Watu wanane na machepe, siku mbili, umekwisha. “Ninyi mtalitoa tope, sisi tutaleta gari la kulibeba.”

“Basi liandikwe, lipigwe muhuri.”

Mtendaji akacheka, na kicheko chake hakikuwa kibaya. “Mama, Serikali haihami.”

Watu wakapiga makofi. Mimi, katibu, nikaandika kwenye muhtasari: Makubaliano yalifikiwa. Maneno mawili. Kesho yake yule mama alinunua kauntabuku na kuanza kuandika yake.

Kazi ilichukua miezi mitano. Tuliigawa kwa mashina, kila shina siku yake, na asiyekuja alituma kibarua. Injinia alikuwa akitutajia Hananasif, kule Kinondoni, ambako miaka ya 1990 wakazi walichimba mitaro yao wenyewe kwa mikono, wakilipwa, Shirika la Kazi Duniani likiwa nyuma ya mradi. Tulilipenda jambo hilo, tukalitaja kila tulipochoka. Tulichokisahau ni kwamba Hananasif kazi ile ilikwenda kwa mikataba, wakazi wakiwa upande mmoja wa karatasi. Sisi tulichukua jasho, karatasi tukaiacha.

Hata hivyo miaka ya kwanza ilikuwa mizuri, nisije nikaisema kwa uchungu tu. Vijana wa mtaa walisajili kikundi cha taka, wakanunua guta mbili, wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kukusanya taka na ada. Ada ile ndiyo iliyoulisha mtaro. Katika fedha waliyokusanya walinunua mabuti na machepe, na kila muda wa injinia ulipofika waliingia mtaroni wakatoa mifuko ya rambo, kandambili, siku moja hata mto wa kulalia uliokuwa umevimba kama maiti. Tope walilirundika pembeni. Gari la halmashauri lilikuja mara ya kwanza. Likaja mara ya pili. Mara ya tatu injinia alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine, na aliyempokea aliomba tumwoneshe makubaliano. Nilimpelekea muhtasari wangu. Aliusoma haraka, kwa kuwa haukuwa mrefu. Serikali ilikuwa imeanza kuhama, sisi tukidhani ni mtu mmoja tu aliyehama.

Wakati huohuo barabara ilikuwa inafanya kazi yake. Bajaji zikawa zinaingia hadi ndani. Fundi akafungua duka la milango ya aluminiamu, madalali wakaanza kuleta watu wenye funguo za gari mikononi. Chumba kilichokuwa cha elfu ishirini kikawa cha elfu arobaini, kisha hamsini, tena kwa miezi sita mkupuo. Simlaumu mwenye nyumba moja kwa moja. Mtaro ulimkinga na mafuriko na mradi ukampa bei. Lakini wapangaji ndio waliokuwa wengi siku za kuchimba, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kusema, jamani, waliochimba wapewe hata mwaka mmoja wa kodi ileile. Muuza vitumbua aliondoka mwishoni mwa 2015, akaenda Chanika. Kauntabuku likaondoka naye. Vyombo vyake alivipakia kwenye guta ya vijana wa taka, wakaisukuma juu ya barabara aliyoibebea mawe kwa ndoo.

Kisha ikaja zabuni. Halmashauri iliamua kazi ya taka katika kata nzima ipewe mkandarasi mmoja mwenye lori. Kwenye karatasi lilikuwa jambo la maana, maana guta haifiki dampo. Vijana wetu hawakuwa na mashine ya risiti wala dhamana ya benki, wakaachwa. Baadaye sana nilijifunza kwamba Sheria ya Ununuzi wa Umma ilikuwa imerekebishwa mwaka 2016, ikitaka asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma itengwe kwa makundi maalumu, vijana wakiwamo. Hatukuambiwa, nasi hatukuuliza. Yawezekana wasingeipata hata kwa mlango huo. Ila mlango ulikuwepo, na sisi tulikaa uani tukilalamika.

Lori la mkandarasi lilikuwa zuri kweli. Jumatano na Jumamosi, honi, wanawake wanatoka na viroba. Lakini mkataba wake ulisema taka za majumbani. Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, tulijikusanya watu wachache tukatoa tope mtaroni kama zamani. Lori likasimama. Dereva akashuka, akachungulia lundo, akaligusa kwa ncha ya buti.

“Hii siyo taka, mzee. Hili ni tope.”

“Na tope ni la nani?”

“Muulize mwenye mtaro.”

Hakuwa na ujeuri, alikuwa anasoma mkataba wake. Tukaenda halmashauri kumtafuta mwenye mtaro. Huko tukaambiwa kwamba tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini, pamoja na mitaro yake, ziko chini ya wakala mpya, TARURA. Ofisi ile ndiyo kwanza ilikuwa inapokea mafaili, na faili la mtaro wetu halikuwemo, kwa sababu mtaro wetu haukuwahi kuwa na faili. Ulikuwa na muhtasari wenye maneno mawili na makofi ya watu chini ya mkungu. Nani wa kulaumiwa hapo? Wakala usingeweza kurithi ahadi ambayo aliyeitoa hakuiandika.

Wiki mbili baadaye ikanyesha mvua ndogo, na lundo lote likarudi mtaroni. Watu waliona. Mwezi uliofuata siku ya usafi walikuja sita; uliofuata tulikuwa mwenyekiti na mimi, tukaulizana habari za nyumbani, tukaondoka.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa kasi, wala sitayarefusha. Vifuniko vya zege vilivunjwa usiku mmoja mmoja, nondo zikauzwa chuma chakavu. Nyumba mbili za juu zikaelekeza bomba la choo mtaroni, kisha zikawa tano. Mtaro ulioletwa kututoa kwenye kutapisha sasa ulikuwa unatapika mwaka mzima, kiangazi na masika. Aprili 2018 mvua kubwa ilipolifunga tena bonde la Msimbazi, maji yalijaa kwetu kwa njia mpya: hayakutoka mtoni yakapanda, yalitoka mtaroni yakashuka ndani ya nyumba. Mstari mweusi ukutani ulikuwa chini kidogo kuliko wa 2011. Baadhi ya watu waliuita huo nafuu.

Nimewasikia wengi wakisema kwamba wananchi hawathamini miradi kwa kuwa hawakuitolea jasho. Kwetu siyo kweli. Tuliitolea jasho mpaka vidonda vya mikono. Wengine wanasema halmashauri ilitutelekeza. Hiyo nayo ni nusu ya habari. Mhandisi alifanya kazi yake, mkandarasi alifanya kazi yake, wakala ulifanya kazi yake. Kati ya kazi hizo tatu palikuwa na uwazi wa upana wa chepe, na tope likakaa humo. Ubia wetu na halmashauri ulikuwa wa kujenga peke yake. Siku utepe ulipokatwa, na picha nzuri tulipiga, ubia ulikufa, sisi tukaendelea kuuita mradi wetu. Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtaa fulani unaletewa mradi wa kuboresha makazi, swali langu huwa moja na watu huliona la kishamba: tope mtalipeleka wapi, na gari ni la nani?

Mwaka jana nilikwenda Chanika kwenye msiba, nikamwulizia yule mama. Anauza vitumbua karibu na stendi, mjukuu anamsaidia. Nikamwamkia, akaniita katibu, kama vile cheo kile bado kipo. Nilipomtajia mtaro aliingia ndani akatoka na kauntabuku, kurasa zimejikunja kwa unyevu, jalada limeshonwa kwa uzi wa kiroba. Ndani mlikuwa na kila kaya na ndoo zake za mawe, kila kijana na siku zake, na ukurasa wa tisa maneno ya injinia kama alivyoyasema: kila miezi mitatu, watu wanane, siku mbili, gari la halmashauri. Chini yake tarehe, jina la mtendaji, na mstari mtupu wa sahihi.

“Nilimfuata ofisini mara tatu,” alisema. “Mara zote alikuwa kwenye kikao.”

Nilimwuliza kwa nini hakuliacha mtaani alipohama.

“Hakuna aliyeniuliza, mwanangu.”

Nilitoa nakala nne. Moja iko kwa mwenyekiti wa sasa, moja kwa diwani, moja nimeipeleka TARURA na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Ya nne ninayo mwenyewe. Mstari wa sahihi bado ni mtupu, na masika yanaanza Machi.