Waliogonga Mwamba

Pale Aswan, kusini mwa Misri, kuna mnara ambao haukuwahi kusimama. Umelala chali katika machimbo ulimochongwa, mgongo wake bado umeshikamana na mwamba, urefu wake kama mita 42. Ungemalizika, ungekuwa na uzito wa zaidi ya tani 1,000, jiwe moja tu. Haukumalizika kwa sababu ulipasuka. Mafundi waliuona ufa, wakajaribu kuupunguza mnara ili waukwepe, nyufa zikazidi, wakaacha.

Mimi huupenda mnara huu kuliko yote iliyosimama. Kazi iliyokamilika haisemi ilifanywaje, fundi mzuri hufuta alama zake mwenyewe. Kazi iliyoachwa njiani haina aibu hiyo. Pembeni mwa mnara umechimbwa mfereji wa kumtosha mtu kuchuchumaa, na kuta zake zina mabonde mabonde, kila bonde nafasi ya mtu mmoja. Chini yalikutwa mawe meusi ya mviringo, aina ya dolerito, mengi yana kilo kama tano hivi. Ndiyo yaliyokuwa nyundo zao. Graniti haikuchongwa pale, ilitwangwa. Msimamizi alikuwa akipita na rangi nyekundu, akipiga mistari kwenye ukuta ili ijulikane kazi imeshuka kiasi gani. Baadhi ya mistari hiyo ilikuwapo bado watafiti walipofika.

Mwaka 1922 mtaalamu wa mambo ya kale, Reginald Engelbach, alichapisha utafiti wake juu ya mnara huo. Alikuwa amelishika jiwe jeusi kwa mikono yake mwenyewe, akatwanga saa nzima kwenye sehemu ya mfereji. Alipata milimita tano hivi. Unene wa sarafu mbili tatu.

Sasa weka milimita hizo kando ya maandishi ya Malkia Hatshepsut kwenye mnara wake wa Karnak. Ule umesimama mpaka leo, karibu mita 30, na maandishi yanasema kazi ya machimboni ilichukua miezi saba. Anayesoma haraka hutikisa kichwa: miezi saba, kwa mawe ya kutwangia? Ndipo maneno kama "siri", "elimu iliyopotea", "mashine" yanapoanza kupenyeza. Mwaka 1968 mwandishi Erich von Däniken alitoa kitabu kilichowapa kazi hizi wageni kutoka angani, na siku hizi huhitaji hata kitabu; simu yenyewe itakuletea video usiku kucha ukiiachia.

Nadhani tunaposema siri, mara nyingi tunamaanisha kwamba hatujawahi kukaa karibu na mtu anayeifanya kazi hiyo.

Niliwahi kukaa na mama mmoja anayegonga kokoto pembezoni mwa Dar es Salaam. Kivuli chake ni kanga iliyofungwa kwenye miti minne, na kwenye kidole cha shahada amevisha kipande cha mpira wa baiskeli. Nilimwamkia, akanipa nyundo huku akicheka. Nikapiga mara ya kwanza, ya pili, ya sita. Jiwe likatoa vumbi tu.

"Hapo halipasuki, mwanangu. Ligeuze."

Nililigeuza. Akaweka kidole mahali ambapo mimi sikuona kitu. Nikapiga mara moja, likaachana vipande viwili kama mkate. Nilimuuliza amejuaje. Alinitazama kama vile nimemuuliza anajuaje kumeza.

Mwanaakiolojia Flinders Petrie angemwelewa huyu mama. Mwaka 1880, akiwa na miaka 27, alikwenda kwenye piramidi za Giza, Misri, na vyombo vya kupimia ardhi. Baba yake alikuwa mfuasi wa nadharia iliyodai kwamba vipimo vya piramidi kubwa vimebeba hekima ya mbinguni, na kijana alikwenda kuhakikisha. Akahamia ndani ya kaburi la kale lililochongwa mwambani, akapima, akarudia kupima. Nadharia ikafia kwenye daftari lake. Kilichobaki kilikuwa kikubwa zaidi: jengo ambalo kila upande wake una mita 230 hivi, na tofauti kati ya upande na upande haifiki sentimita 20. Waliolijenga hawakuwa na chuma. Lakini hizo sentimita chache nazo zina maana yake. Ni kosa la watu waliovuta kamba wakatazama kwa jicho, kosa dogo la kutia wivu.

Petrie aliokota pia vipande vya graniti vya mviringo, vile vinavyobaki katikati ukitoboa jiwe kwa mrija, vikiwa na mikwaruzo ya kuzunguka. Akawaza kwamba lazima meno ya vito yalipachikwa kwenye keekee. Baadaye sana mtafiti Denys Stocks alijaribu kwa mrija wa shaba na mchanga mkavu, na tundu likatoboka. Shaba ni laini kuliko graniti, lakini kazi yake ni kuusukuma mchanga tu. Punje za mchanga ndizo zinazokata, taratibu mno, na shaba nayo inaliwa pamoja na jiwe.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mzee seremala wa mtaani kwetu nilipokuwa mdogo. Alikuwa na keekee ya uta: mkono mmoja unavuta na kurudisha, mwingine umekandamiza kishikio, na chini kuna chuma kinachozunguka kikilia. Kwenye kaburi la waziri Rekhmire, ng'ambo ya Nile kutoka Karnak, mafundi wamechorwa wakivuta uta wa namna hiyo hiyo. Mzee yule alikuwa na mlango wa kuchonga ambao watu walitoka mbali kuja kuutazama, na makabati ambayo ukiyageuza mgongoni unakuta mbao ghafi, misumari imepinda. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ukuta hauna macho. Mawe ya ndani ya piramidi ndivyo yalivyo: yamekatwa hovyo hovyo, mianya yake imezibwa kwa jasi. Unyoofu wa kutisha uliwekwa pale ulipohitajika, na huo nao ni ufundi.

Wala si kila kitu kilikuwa cha kusubiri miaka. Kule Peru, mtafiti Jean-Pierre Protzen aliokota mawe magumu ya mtoni na kuchonga jiwe kama walivyofanya Wainka. Pande tatu zilimchukua kama saa moja na nusu. Inawezekana tumewakosea hawa watu kote kuwili, kwa kudhani hawakuweza na kwa kudhani walikuwa na subira ya malaika.

Kuna jambo katika mazungumzo haya linaloniudhi, nalo halihusu mawe. Mwaka 1871 msafiri wa Kijerumani, Carl Mauch, alifika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu. Mbele yake kulikuwa na ukuta wa graniti wa mzingo wa mita 250, sehemu nyingine umepanda hadi mita 11, umepangwa jiwe juu ya jiwe bila tone la udongo wa kushikiza. Alikata kibanzi kwenye boriti ya mlango, akakinusa, akaona kinanukia kama penseli yake. Penseli ni mwerezi. Mwerezi hutoka Lebanoni. Basi jengo ni la Malkia wa Sheba! Alitoka puani hadi Sheba bila kumuuliza mwenyeji hata mmoja mti ule unaitwaje. Ulikuwa mti wa huko huko. Mwaka 1905 mwanaakiolojia David Randall-MacIver alichimba na kusema ni kazi ya Waafrika, na mwenzake Gertrude Caton-Thompson akarudia hivyo mwaka 1929, lakini watawala wa Rhodesia, kama nchi hiyo ilivyoitwa wakati ule, waliendelea kuupenda uvumi kuliko udongo uliochimbwa. Waliojenga ni wahenga wa Washona. Mwamba wa kwao hujimenya wenyewe kwa jua na baridi, nao walijua kuuharakisha kwa moto na maji. Jina la nchi ya Zimbabwe limetokana na maneno ya Kishona yenye maana ya nyumba za mawe, na mtu wa Kiswahili akilisikia neno mabwe lililomo humo husikia mawe ndani yake.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "haiwezekani wao walijenga", sikio langu hukaa kwenye lile neno "wao".

Hata hivyo sitaki kuwapamba waliogonga mwamba mpaka wawe watakatifu. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kando ya Bahari ya Shamu, mwanaakiolojia Pierre Tallet na wenzake walipata mafunjo ya miaka kama 4,500, na humo mna shajara ya Merer, kiongozi wa kikosi kilichokuwa kikileta mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza. Leo tumepakia mawe. Leo tumelala mahali fulani. Hana mshangao hata mmoja. Na katika makaburi ya wafanyakazi karibu na piramidi mmekutwa mifupa yenye migongo iliyochakaa kwa mizigo, na mikono iliyovunjika ikaungwa vizuri ili mwenyewe arudi kazini. Walilishwa, walitibiwa, walilipwa mkate na bia. Lakini ukubwa wa kaburi aliuamua mwingine.

Nilimwonyesha yule mama picha ya mnara wa Aswan kwenye simu. Alifuta kidole kwenye kanga, akaikuza picha, akaupita mnara wote mpaka alipofika kwenye ufa.

"Ulikuwa na mshipa," akasema. Akanirudishia simu, akachambua vile vipande vyangu, kimoja akakitia kwenye ndoo yake, kingine akakirudisha kwenye rundo la mawe makubwa. Kisha akauliza:

"Na siku hiyo walilipwa?"