Je, Ustadi wa Mkono ni Fadhila?

Wazazi wengi siku hizi wanaona kijana wao akishika mambo mawili kwa pamoja: ngoma na karate. Wengine hufurahi wakisema, mtoto atajifunza kujitawala. Wengine huogopa wakisema, tunamlea mgomvi. Neno hili halitaki jibu la haraka. Huko Amerika wapo wapigaji wa jazi ya Kilatini ambao ngoma ndiyo kazi yao ya usiku, na mazoezi ya kupigana ndiyo kazi yao ya asubuhi, miaka nenda miaka rudi. Kwa nini mambo hayo mawili hupatana katika mtu mmoja?

Kwanza, yamekaa pamoja tangu zamani. Ngoma iitwayo konga, ambayo ni kama moyo wa jazi ya Kilatini, ilizaliwa katika kisiwa cha Kuba mikononi mwa watumwa na wana wao, na wataalamu hufuata asili yake mpaka ngoma za watu wa Kongo. (Ndugu zetu wa Kongo-Kati wakitembea kifua mbele kwa habari hii, tusiwaonee wivu.) Katika mashamba ya miwa ya Kuba palikuwa pia na mchezo uitwao maní: watu walifanya duara, mmoja akaingia katikati, ngumi zikaruka huku ngoma zikilia.

Lakini tazama hasa kapoera ya Brazili, mchezo wa watumwa waliotoka Angola na Kongo. Anayetawala mchezo huo si mpiganaji, bali ni upinde wa waya mmoja wenye kibuyu, jina lake berimbau. Ukipigwa polepole, wachezaji huenda polepole. Ukiharakisha, huharakisha. Ukiwaita, huacha mara moja na kurudi kuchutama mbele yake. Mwanafunzi hufundishwa teke, na hufundishwa pia kupiga upinde ule.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Mtu ameinua mguu kumpiga mwenzake, anasikia sauti ya waya, anaushusha. Je, huko siko kujitawala? Wengi watajibu ndiko. Mimi nasema: bado.

Mtakatifu Toma wa Akwino alitenga ustadi na fadhila. Ustadi huifanya kazi iwe njema; fadhila humfanya mtu mwenyewe awe mwema. Akaonyesha alama ya kuvitambua, aliyoipokea kwa Aristoteli. Fundi akikosea kwa kusudi, ustadi wake haupungui. Mpiga ngoma akiharibu mapigo kwa kuwachekesha wenzake, bado ni fundi. Ni afadhali kuliko yule aharibuye kwa kutojua. Lakini katika mambo ya haki ni kinyume kabisa. Anayemdhuru jirani kwa kusudi ni mbaya kuliko anayemdhuru pasipo kujua. Basi mtu aweza kuwa fundi mkubwa wa kuzuia mkono, akachagua siku ya kutouzuia, na ufundi wake usimlaumu hata kidogo. Kitakachomlaumu ni kitu kingine.

Chano Pozo alizaliwa Havana mwaka 1915, akakua katika umaskini. Mwaka 1947 alifika New York, na mwezi wa Septemba alipiga konga pamoja na Dizzy Gillespie katika Carnegie Hall. Wimbo wao Manteca ungali unapigwa hata leo. Mwezi wa Desemba 1948 aliuawa kwa risasi katika baa moja ya Harlem, akiwa na miaka 33. Husimuliwa kwamba alimpiga mtu kwa ugomvi wa bangi, na mtu yule akarudi na bastola. Hatia ya damu ni ya aliyeua, wala simhukumu marehemu. Naona tu kwamba mkono uliojua kungoja zamu yake katikati ya mapigo haukujua kungoja katika ugomvi.

Labda mtu atasema: huyo alikuwa mpiga ngoma tu, angalifundishwa na mwalimu wa kupigana, angalitulia. Basi twende Rio de Janeiro katika karne ya 19. Wacheza kapoera wa mji ule, watu wenye mazoezi ya miaka, walijiunga katika makundi, wakakodiwa na wanasiasa kutisha watu siku za uchaguzi. Mwaka 1890 sheria ikaukataza mchezo wote. Ilipita miaka mingi mpaka mwaka 1932, Mestre Bimba alipofungua shule yake mjini Salvador. Habari za vijana wenye nguvu wanaokodiwa siku za uchaguzi, msomaji wa Kongo hahitaji kuelezwa zaidi.

Je, mazoezi ni bure? Hasha. Anayetaka kuacha, lakini mkono wake haujazoea kuacha, atapiga kabla hajafikiri. Mazoezi humpa nafasi ile ndogo ya kufikiri, nayo si kitu kidogo. Mara nyingine ni uhai wa mtu. Lakini kutaka kwenyewe hakuuzwi pamoja na mkanda mweusi.

Kwa hiyo simwambii mzazi amkataze mtoto. Namwambia aende mwenyewe siku ya mazoezi, akae kando ya ukuta. Kijana mkubwa akimwangusha mdogo na kuendelea kumpiga, mwalimu anacheka au anasimamisha mchezo? Kisha atazame nyumbani, siku ile mdogo wake atakapomwaga maji juu ya daftari lake.