Taja Kabla Hujaulizwa

Mjukuu wangu, sogeza kigoda ukae.

Kesho alfajiri unapanda treni kwenda Dar es Salaam, kisha ndege ya Muscat. Bado hujaondoka, na orodha imeshaanza: mama yako mdogo anataka simu, binamu zako wa Kongwa wanataka televisheni, kijana wa jirani kompyuta mpakato. Haya nitakayokwambia niliwaambia na waliokutangulia, wengine hawakunisikia. Nayarudia.

Mwaka 1986 nilirudi kutoka masomoni ng'ambo na redio kaseti ya kumpa baba yangu. Niliiviringishia kanga tatu, nikaifukia katikati ya begi. Afisa akaniuliza, umebeba nini? Nikajibu, nguo. Akatia mkono. Ushuru ningeulipa, maana fedha nilikuwa nayo. Redio ilichukuliwa kwa sababu ya uongo wangu. Nilifika Mpwapwa mikono mitupu. Mzee hakuniuliza kitu, alinipa kigoda tu. Kimya kile ninacho hadi leo.

Hakuna aliyekukataza kuleta zawadi. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya 2004, inakuachia vitu vyako vya kutumia. Msafiri anayerudi ana pia kiwango cha thamani kisichotozwa, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa dola 500 za Marekani. Viwango hubadilika, kwa hiyo waulize Mamlaka ya Mapato, TRA, kabla ya kununua. Kinachozidi kitalipiwa, na humo imo VAT ya asilimia 18. Lakini ukija na simu sita zikiwa bado kwenye maboksi, hata ukila yamini kwamba ni za ndugu, afisa ataona duka. Tunza risiti. Njia ya kijani ni ya asiye na cha kutamka. Wewe mwenye mzigo pita nyekundu, utaje mwenyewe kabla hujaulizwa.

Usimbebee mtu kifurushi ambacho hukukifungua ukaona kilichomo. Begi lenye jina lako, kila kilichomo utakijibia wewe.

Na simu, kabla hujalipa, bonyeza *#06#. Nitumie namba ya IMEI itakayotokea, nami nitaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 tujue kama ni halali. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia, jirani yangu alikuwa na simu aliyoletewa na mwanawe kwa fedha ya jasho. Iliacha kushika mtandao. Mama wa watu hakuitupa. Aliifunga kwenye kitambaa, akaiweka sandukuni.

Ushuru ukikushinda, punguza orodha. Mama yako mdogo atakuelewa, na kama hakuelewi, nitazungumza naye mimi.

Mimi usininunulie kitu. Utakaporudi, niletee ile risiti ya forodha niishike mkononi.