Isale na Jumuiya

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Kilema, Kilimanjaro, mwaka 1890, walikuta Wachaga wakigawana kwa zamu maji ya mifongo, yaani mifereji yao, na aliyemkosea jirani akimpelekea jani la isale kuomba radhi. Naamini Injili iliangukia shamba lililokwisha kulimwa.

Katika jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, baada ya sala, mwenyekiti huuliza nani anaumwa, nani hajaonekana. Juzi mama mmoja alisimama akasema hasalimiani na shemeji yake kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Matangazo yakaachwa. Wazee wawili wakamsindikiza mpaka kwa shemeji, isale mkononi, sisi nyuma na rozari.

Mahubiri ya Padri nayapenda. Lakini dhamiri ya wanangu naiona ikijengeka hasa pale, wanapotazama watu wazima wakiombana msamaha.